Hadi Joshoni na Kurudi

Asubuhi ya kwanza nilipokimbia, jirani yangu Mzee Nyamhanga alitoka kwake na panga, akanikimbilia na kuniuliza, "Wamepita wapi?"

Hata shikamoo sikupata nafasi ya kuitoa. "Nani, mzee?"

"Wezi! Wamechukua ng'ombe wa nani?"

Huku kwetu Machochwe mtu mzima hakimbii bila sababu. Ukimwona anakimbia, ujue mifugo imeibwa, au tembo wameingia kwenye mtama, au kuna msiba. Mimi nilikuwa nimefunga kitenge juu ya suruali ya michezo, miguuni nina raba za mwanangu zilizonizidi, na nilikuwa nahema kwa sauti. Nikamweleza kwamba hakuna wezi, ila daktari amesema niwe nakimbia kidogo kila siku.

Mzee alitazama nilikotoka, akatazama na ninakokwenda. "Amesema ukimbie uende wapi?"

"Nimechagua joshoni, pale tunapoogesha ng'ombe. Halafu narudi."

"Joshoni unakwenda kufanya nini?"

"Kugeuka tu, mzee."

Alirudi kwake akiwa hajaridhika. Kufikia saa nne kijiji kilikuwa na maelezo matatu. Wa kwanza walisema vidonge vimenipanda kichwani. Wa pili walisema kule juu nakutana na watu wanaotega wanyama porini, nawapelekea habari za askari wa hifadhi. Wa tatu walisema namtoroka mume wangu kwa mafungu, leo hadi joshoni, kesho mbali zaidi.

Sikuwakasirikia. Nilikuwa nimetoka kumaliza mwaka na zaidi nikiwafikiria wenzangu mabaya kuliko hayo, na nilipowafikiria hivyo sikuishia kunong'ona. Nilimfukuzisha mtu nyumbani kwao. Nayaandika haya sasa kwa sababu naweza tena kushika kalamu isitikisike, na kwa sababu najua kuna mahali mtu amekaa anakonda, moyo unamwenda mbio, naye ameshaamua ni nani anayemmaliza. Huyo ndiye ninayetaka asome.

Naitwa Robi. Nashonea watu nguo. Cherehani yangu iko chini ya upenu wa nyumba yetu, na sare nyingi za shule unazoziona hapa kijijini zimepita mikononi mwangu. Mume wangu Marwa analima na kufuga. Watoto wetu wawili wanasoma bweni. Mtu wa tano katika boma letu alikuwa Gati, dada yake Marwa, wifi yangu. Ndoa yake ilipomshinda alirudi kwao, Marwa akamjengea nyumba ya chumba kimoja ng'ambo ya zizi. Tuliishi vizuri. Yeye alipika uji wa asubuhi ili mimi niwahi kazi, mimi nikamshonea magauni. Naanza na hilo kwa sababu baadaye nililisahau kabisa.

Ugonjwa uliingia wakati wa palizi. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, miguu tu ndiyo inakanyaga, moyo ukaanza kwenda kama wa mtu aliyepanda mlima na ndoo kichwani. Nikasimama, ukaendelea. Nikalala chali, ukaendelea, nikawa nausikia hadi masikioni. Kesho yake vivyo hivyo. Baada ya majuma machache mikono ikaanza kutetemeka. Uzi haukuingia tena kwenye tundu la sindano mpaka nimwite mtu. Pindo za sare zikawa zinapinda, wazazi wakawa wanazirudisha kwa adabu. Wengine walikuwa wanavaa sweta, mimi natiririka jasho. Halafu kukonda. Nilikula ugali wa watu wawili, nikaongeza na viazi, nikazidi kukonda. Sketi moja niliibana kiunoni mara tatu. Nywele zilibaki kwenye kitana. Siku zangu za mwezi zikakoma. Na hasira, Mungu wangu! Kuku akipita mbele yangu nilitaka kulia.

Mtu anayekonda huku kwetu anajulikana anaumwa nini hata kabla hajapimwa. Zahanati walinipa dawa ya malaria. Niliporudi wakanipima ule ugonjwa ambao kila mtu alikuwa ameshanipima kwa macho. Sikuwa nao. Wakarudia. Sikuwa nao. Lakini waliokaa kwenye foleni hawakuona majibu, waliona tu mlango nilioingia.

Jioni moja Marwa aliniuliza polepole, "Robi, kuna kitu unataka kuniambia?"

"Kitu gani?"

"Chochote."

Nikamwambia hakuna. Siku chache baadaye, nikishona kifungo cha koti lake, nikakuta mfukoni karatasi ya vipimo. Alikuwa amekwenda kujipima mwenyewe kimyakimya. Ilikuwa haki yake, leo naliona hilo. Siku ile nilichokiona ni kwamba mume wangu ananichunguza, na kwamba ndani ya boma letu kila mtu ana jambo analolifanya mgongoni mwangu. Nikakirudisha kifungo mahali pake, na karatasi mahali pake, nami nikaanza kuchunguza.

Hesabu yangu haikuwa ndefu. Gati alihamia kwetu mwaka uliotangulia. Uji wangu anaupika yeye. Amekosa ndoa, mimi ninayo. Nikatosheka.

Asubuhi moja nilijibanza nyuma ya ukuta wa jiko, nikachungulia penye ufa. Nilimwona Gati akimimina uji kwenye vikombe viwili. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye pindo la kanga, akachota ungaunga wa kijani kwa ncha za vidole, akautia kwenye kikombe kimoja. Changu.

Nilipiga kelele mpaka Marwa akaja kutoka zizini. Gati alisimama pale na kikombe.

"Ni mlonge, wifi," alisema. "Majani ya mlonge yaliyosagwa. Nimeyanunua mnadani Mugumu. Wanasema yanarudisha nguvu. Unavyokonda mimi nakuona, halafu kila nikikuuliza unanifokea."

"Mbona unaficha?"

"Kwa sababu kila nikikuuliza unanifokea!"

Marwa akanyoosha mkono achukue kikombe. Gati hakumpa. Alikinywa chote palepale, uji wa moto, machozi yakamtoka, akakigeuza chini tuone kwamba hakuna kilichobaki. "Haya. Tungojeni nife."

Mtu mzima wa akili angetulia hapo. Mimi nilisema, "Ameshajikinga. Alikunywa dawa ya kuizuia kabla hajaja."

Ukishafika pahala pa kusema hivyo, hakuna ushahidi unaoweza kukusaidia. Asingekunywa ningesema anaogopa sumu yake. Amekunywa, nasema amejikinga. Siku zile sikuyaona hayo. Niliona kwamba mimi peke yangu ndiye mwerevu.

Mchana ule na kesho yake nilitembea nyumba kwa nyumba, kuanzia kwetu hadi joshoni, nikiwaeleza watu nilichokiona. Nyumba tisa. Sikuongeza kitu kwenye karatasi wala kwenye unga wa kijani, ila sikutaja mlonge hata mara moja. Wengine waliguna. Wengine walinipa kiti na kunitaka nirudie kuanzia mwanzo. Marwa alinisihi ninyamaze, na kusihi kwake nikakuandika moyoni kama ushahidi mwingine. Wazee wa ukoo wakapanga kikao, Gati aje ajieleze, na ikibidi ale kiapo. Hakungoja. Siku moja kabla ya kikao alifungasha nguo na sufuria zake mbili akapanda gari la Nyamongo. Watu wakasema ametoroka, basi ni kweli.

Sasa uji ninapika mwenyewe, na mchawi ameondoka. Nilitakiwa kupona. Nikazidi.

Ungedhani hapo ndipo ningeshtuka. Shaka yangu haikufa, ilihama tu. Ilimwacha Gati ikakaa kwa Marwa. Nikanunua kufuli nikafungia ndoo ya maji. Nilikula mayai ya kuchemsha, mayai tu, siku baada ya siku, kwa sababu niliamini hakuna anayeweza kutia kitu ndani ya yai bila kulivunja. Marwa akiingia jikoni natoka. Akiniita nachelewa kuitika ili nisikie sauti yake ina nini ndani. Alikonda na yeye. Nilipoona anakonda nikasema dawa imemrudia.

Aliyeniondoa pale ni dada yangu Matinde, anayeishi Tarime mjini, mtaa wa Bomani, ambako ana duka la vyombo. Alikuja kuona kwa nini sipokei simu. Aliponiona mlangoni alishika mdomo. Akamgeukia Marwa.

"Shemeji, huyu namchukua leo. Na akinifia njiani tutaonana."

"Mchukue," Marwa alisema. "Mimi hataki hata nimshike mkono."

Matinde naye aliamini Marwa ana lake. Njia nzima aliniambia hivyo, na mimi nikafurahi kupata mwenzangu.

Benchi la hospitali ya Tarime nalijua kuliko kitanda changu. Ni refu, la mbao, limepakwa rangi ya kijivu inayong'oka kwa vipande vidogo, na watu wanasogea makalio kwa makalio kila mgonjwa anapoitwa. Mimi nilichagua kukaa mwisho kabisa, mgongo ukutani, asikae mtu nyuma yangu. Watu wakisogea, mimi sisogei. Bibi mmoja aliyekuwa na mjukuu wake aliniona natetemeka, akanimegea chapati yake. Nilimshukuru, nikaitia kwenye mkoba, na alipoitwa nikaenda kuitupa. Nilimwona mjukuu wake akinitazama naitupa. Hilo bado linaniuma kuliko mengi makubwa.

Siku ya tatu ya kukaa pale alipita muuguzi mmoja wa makamo, mkononi ana mafaili. Alinipita, akasimama, akarudi kinyumenyume.

"Mama, macho yako yamekuwa hivyo tangu lini?"

Nilidhani ananitukana. Macho yangu yalikuwa yametoka nje, najua, ila nilifikiri ni kwa sababu uso umekonda. Akaleta maji kwenye glasi, akaniambia nimeze huku yeye anaangalia shingo yangu. Nikaikataa glasi.

"Kwa nini?"

"Sijaona uliyatoa wapi."

Sijui ni wangapi wangenijibu vizuri. Yeye aliiweka glasi chini bila kukunja uso. "Basi meza mate," alisema. Nikameza mate. Akagusa shingo kwa vidole viwili, akaniambia nimeze tena, kisha akanishika kifundo cha mkono akiangalia saa ya ukutani. Halafu akanitoa kwenye foleni, akanipeleka kwa daktari moja kwa moja. Benchi zima lilinung'unika.

Walinitoa damu, ikapelekwa Mwanza. Majibu yalichelewa mpaka mvua zikakatika. Yalipokuja, mimi swali langu la kwanza lilikuwa kama wana hakika damu ile ni yangu. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, akanionyesha jina langu na namba. Kisha akasema kuna tezi shingoni, kila mtu anayo, na yangu inafanya kazi kupita kiasi. Mapigo ya moyo, jasho, kukonda, mikono, macho, nywele, yote ni hiyo. Si sumu. Si ule ugonjwa mwingine.

"Na hofu?" nikamwuliza.

"Hofu ya nini?"

"Kuwaogopa watu. Kuona kila mtu ananifanyia kitu."

Aliacha kuandika. "Tezi inaweza kuchangia. Mtu anakosa usingizi, anakuwa na wasiwasi, hasira. Ila kusema kweli, mama, siwezi kukupimia kiasi gani ni tezi na kiasi gani ni wewe."

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi. Ningependa angesema yote ni tezi.

Walinipa vidonge vya aina mbili, vya kutuliza moyo na vya kuituliza tezi yenyewe. Wakanionya kwamba nikipata homa au koo likiniuma nisikae nyumbani hata siku moja, nije. Kila mwezi nilitakiwa kurudi kwenye lile benchi. Mwezi wa kwanza, nikikaa kwa Matinde, nilivihesabu vidonge asubuhi na jioni, nikavifungia kwenye leso niliyolala nayo, nikiogopa Matinde asivibadilishe. Matinde alikuja kujua. Alicheka sana, kisha akaacha kucheka, akakaa chini.

"Robi, mimi nami?"

Nilikaza fundo la leso.

"Gati alipokunywa ule uji," aliuliza, "alipata nini?"

"Hakupata kitu."

Tulitazamana. Nadhani siku ile na yeye alimwondoa Marwa kwenye lawama zake.

Mambo madogo ndiyo yalianza kurudi. Wakati wa mavuno ya mahindi niliamka asubuhi nikashangaa ukimya, kumbe ni moyo haupigi kelele. Mwezi wa tatu wa vidonge niliomba sindano na uzi. Uzi ukaingia mara ya pili. Nikauchomoa nikauingiza tena, nikauchomoa, nikauingiza. Matinde akaniuliza nashona nini. Nilimwambia sishoni kitu.

Nilirudi Machochwe nyumbu wakiwa wamefika upande wetu wa hifadhi. Mwili ulikuwa unajaa, lakini nilikuwa na hofu mpya: niliogopa moyo wangu mwenyewe. Nikiinua ndoo ukapiga haraka, nadhani ugonjwa umerudi. Nadhani, na Mungu anisamehe, kuna mtu kafanya kitu. Nilipomweleza daktari, aliangalia majibu ya damu ya mwezi ule, akasema yametulia, sasa nianze mazoezi. Nitembee kwanza, kisha nikimbie umbali mfupi, kila siku. "Moyo wa mtu anayekimbia lazima upige," alisema. "Kimbia, usikie unavyopiga, halafu simama usikie unavyotulia. Utauzoea."

Hata hilo nililitilia shaka. Daktari gani anamwambia mama wa watoto wawili akakimbie barabarani? Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mwerevu. Nikakimbia.

Kutoka kwetu hadi joshoni si mbali, ukipika uji hauwezi kuungua ukiwa umekwenda. Siku za mwanzo nilisimama mara nne. Naweka mkono kifuani, nangoja, moyo unashuka taratibu kama mtu anayekaa kitini, naendelea. Kukipambazuka vizuri ndipo natoka, kwa sababu ya tembo. Nazipita zile nyumba tisa zilezile. Naona anayefagia, anayekamua, mtoto anayevalishwa sare niliyoshona mimi. Nimeishi humo miaka mingi nisiwaone. Na kila nilichokiona, kichwa changu kilikiongezea mkia. Wale wawili wamenyamaza nilipotokea, basi walikuwa wananisema. Yule amenisalimia kwa furaha mno, basi ana jambo. Nikaanza kujizoeza wakati miguu inakwenda: nimeona nini hasa? Nimeona wanawake wawili wamenyamaza. Basi. Watu hunyamaza. Hata ng'ombe akipita watu hunyamaza.

Siku nyingine inashindikana. Asubuhi moja, nikirudi, nilimwona Marwa amesimama nyuma ya ghala na simu sikioni, anaongea chini chini. Nilichokiona ni mume wangu na simu. Mkia ulikuwa mrefu kutoka hapo hadi Mugumu. Nikaenda moja kwa moja nikiwa bado nahema.

"Unaongea na nani?"

Alikata simu. Aliangalia chini, akaangalia juu. "Na Gati."

Alikuwa anaongea naye tangu siku alipoondoka. Kila juma. Alinificha kwa sababu aliniogopa. Mume wangu, aliyewahi kusimama mbele ya fisi na rungu tu, alikuwa ananiogopa mimi.

"Yuko wapi?"

"Kerende, huko Nyamongo. Anapikia watu chakula, kwenye banda, karibu na wachimbaji." Alisita. "Alikuwa anapikia. Habari imemfuata. Mtu wa huku alipita akamtambua, akasema huyu ndiye aliyemtilia wifi yake sumu. Sasa hawali kwake."

Nilikaa chini palepale penye vinyesi vya kuku. Kati ya kazi zote duniani alikuwa amechagua kulisha watu.

Juma lililofuata nilikwenda Kerende. Marwa alitaka kunisindikiza, nikamkatalia. Nililiona banda la Gati kabla sijamwona mwenyewe. Mabanda ya chakula yalikuwa matatu. Mawili yamejaa wanaume wenye vumbi la mawe hadi kwenye kope. La tatu lilikuwa na mabenchi yamefutwa safi, hakuna mtu. Gati alikuwa ameinama anachochea mkaa.

"Wifi," nikasema.

Aligeuka. Alikuwa amezeeka. Hakunyoosha mkono. "Umekuja kufanya nini?"

"Kula."

"Kula wapi?"

"Hapa kwako. Mbele ya watu hawa."

Alicheka, lakini si kicheko cha kumfurahia mgeni. "Robi, umetumwa? Ukianguka hapa na huo ugonjwa wako, unajua mimi nitafanywa nini? Watanichoma moto kabla hata hujapoa. Nenda."

Sikuwa nimefikiria hilo. Niliona wema wangu tu. Ilikuwa zamu yake kunishuku, na kila alichosema kilikuwa na akili.

"Nifanye nini basi?"

"Waambie kwanza wewe ni nani."

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Nilikwenda kusimama kati ya banda lake na la jirani, nikasema shikamooni kwa wakubwa na habari kwa wengine, nikasema mimi ndiye yule wifi. Nimeumwa tezi shingoni, nina karatasi za hospitali, mwenye kutaka kuzisoma azisome. Huyu hakunitilia sumu. Alinitilia mlonge akitaka nipone, nami nikamsingizia. Sasa nakula chakula chake, na nikianguka ni tezi. Baadhi waliendelea kutafuna. Mmoja aliomba zile karatasi kweli, akazisoma kwa muda mrefu, sidhani kama alielewa.

Gati akanipakulia ugali na dagaa. Sitaki kuwadanganya: moyo ulinienda mbio. Niliuchunguza ugali ule pembeni na katikati, nikageuza dagaa mmoja kwa kidole. Yeye alikuwa amesimama juu yangu, anaona.

"Unatafuta nini?"

"Hakuna."

"Robi. Ni wewe unayeniamini sasa, au ni vidonge?"

"Sijui," nikamwambia. Lilikuwa jibu la kweli pekee nililokuwa nalo. "Lakini nakula."

Nikala. Nilimaliza sahani. Nilipokuwa nanawa, mwanamume mmoja alihama kutoka banda la pili, akakaa kwenye kona ya benchi, akaagiza chai. Chai tu.

Nilidhani Gati atalainika. Alichukua sahani yangu, akaiosha, akaifuta, ndipo akasema, "Umekula. Asante. Lakini maneno haya hayakuanzia Kerende. Nenda kawaambie uliowaambia kwanza. Nyumba kwa nyumba, kama ulivyofanya."

Hivyo ndivyo mbio zangu zilivyopata kazi nyingine. Kila asubuhi nilikimbia kama kawaida, na katika kurudi nikasimama kwenye nyumba moja. Moja tu kwa siku, kwa sababu zaidi ya hapo ningeshindwa. Nafika nahema, natoa shikamoo, naomba dakika chache. Mzee Nyamhanga alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo hicho ndicho ulichokuwa unafanya joshoni." Sikumbishia. Mama mmoja alilia, akasema naye aliisambaza hadi kwa dada yake Tarime, atampigia simu. Nyumba ya sita waliniambia hawakuwahi kuniamini. Niliwauliza kwa nini hawakusema. Wakasema, nani angethubutu, ulivyokuwa?

Gati hajarudi kuishi nasi. Alikuja siku mbili msimu wa kiangazi, akalala kwa shangazi yake, si kwetu. Wateja wake wanarudi mmoja mmoja, Marwa ananieleza, maana sasa anaongea naye palipo wazi. Akinipa simu, tunaulizana hali, basi. Mimi ningali nameza kidonge kimoja kwa siku, na kila baada ya miezi mitatu naenda kukaa benchini. Marwa hula nami sahani moja. Ndoo haina kufuli. Zipo asubuhi ambazo uji una ladha ngeni na kichwa kinaanza, nami namwambia Marwa, leo nimeanza. Anasema, haya, ngoja wasiwasi upite. Unapita.

Wewe unayenisoma na mikono inakutetemeka, omba wakutazame shingo. Na kabla hujataja jina la mtu, ngoja majibu. Likishatoka, kulirudisha ni kazi ya miguu.

Kwa maana nyumba ya tisa ilinishinda. Ni ya Bibi Weigesa, mjane, jirani kabisa na josho. Alinisikiliza akipepeta ulezi, nilipomaliza akauliza, "Huko Kerende alikulisha nini?"

"Ugali na dagaa, bibi."

"Ndiyo. Na tangu hapo unamtetea." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Amekuweza, mwanangu."

Ule ulikuwa werevu wangu mwenyewe, neno kwa neno. Kesho yake nikarudi na karatasi za hospitali. Hajui kusoma, na hamwamini anayejua. Keshokutwa yake nikarudi bila karatasi. Nimekwenda kwake asubuhi nyingi sasa. Wakati mwingine hanijibu, wakati mwingine ananieleza upya jinsi Gati alivyonifunga, kwa upole, kama anayemweleza mtoto. Juzi aliuweka ungo chini, akanitazama jinsi ninavyotiririka jasho.

"Wewe Robi, utakuja hapa mpaka lini?"

"Mpaka uniamini, bibi."

"Basi utakimbia sana," alisema, akarudia ulezi wake.

Nikamuaga, nikageuka, nikashika njia ya nyumbani.